Barua zimetoweka kwenye Thunderbird? Nakili kwanza, tibu baadaye

Zipo nyumba za wageni hapa Amu (Lamu), kuanzia Mkomani mpaka Shela, ambazo bado huweka barua zao ndani ya kompyuta ya mapokezi kwa programu ya Thunderbird. Wenyewe wana sababu. Mtandao ukikatika kutwa, maombi ya vyumba ya msimu uliopita, risiti za amana na nakala za pasipoti za wageni bado zinasomeka. Tena Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 humtaka mwenye biashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na ankara iliyotumwa kwa baruapepe ni kumbukumbu sawa na ile ya karatasi.

Malalamiko yanayomfikia fundi yanafanana: barua zimepotea. Mara nyingi hazijapotea. Huja kupotea kweli pale mwenyewe anaposhikwa na wasiwasi akaanza kubofya kila kitufe anachokiona. Hapa nafuata dalili jinsi watu wanavyozieleza, nikichukulia kwamba kompyuta ni ya Windows. Wanaotumia Outlook, programu ya barua ya Microsoft, nimewawekea maneno machache mwishoni.

Kabla ya dalili yoyote

Funga Thunderbird. Subiri kidogo, maana dirisha hutoweka kabla programu haijamaliza kuandika kwenye diski. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%\Thunderbird\Profiles halafu Enter. Ukitafuta kwa njia ya kawaida hutaiona, kwa sababu Windows huficha folda ya AppData. Ndani utakuta folda yenye jina la herufi na tarakimu zisizo na maana, likiishia na default-release. Hiyo ndiyo profaili, na humo ndimo kila kitu kilimo: barua za POP (njia ya kuzishusha kutoka kwenye seva zikae kwenye kompyuta) kwenye folda ya Mail, za IMAP (njia ya kuzisoma zikiwa zimebaki kwenye seva) kwenye ImapMail, mipangilio ya akaunti kwenye prefs.js, anwani kwenye abook.sqlite, na manenosiri kwenye mafaili mawili, logins.json na key4.db, ambayo moja bila jingine halifai kitu.

Nakili folda yote kama ilivyo kwenye diski nyingine. Usichague. Nimeona watu wakinakili Mail peke yake kisha wakarudi kulia anwani za mawakala wa watalii.

Mtu akiniambia amekwisha jaribu kurekebisha mwenyewe, namuuliza kwanza kama alinakili kabla ya kubofya. Jibu lake ndilo linaloniambia kazi itakuwa ya dakika au ya siku nzima.

"Fundi, Inbox imekuwa nyeupe!"

Ingia kwenye folda ya Mail, kisha kwenye ile yenye jina la seva yako. Utaona mafaili mawili yanayokwenda pamoja: Inbox, lisilo na mkia wowote, na Inbox.msf. Tazama ukubwa wa lile la kwanza. Kama ni megabaiti mia kadhaa au gigabaiti mbili, pumua. Barua zako zimo. Thunderbird huziandika zote moja baada ya nyingine ndani ya faili hilo moja la maandishi, kwa mtindo uitwao mbox. Lile la .msf ni faharasa tu. Jahazi likipoteza karatasi ya orodha ya shehena, magunia bado yamo ngamani. Ndivyo ilivyo hapa, isipokuwa programu haioni gunia lisiloandikwa kwenye orodha.

Faharasa huharibika stima ikikatika ghafla, kompyuta ikizimwa kwa kushikilia kitufe, au diski ikijaa. Dawa ni kubofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kuchagua Properties, kisha Repair Folder. Isiposaidia, funga programu, futa Inbox.msf peke yake, fungua tena. Itaandikwa upya. Kitakachopotea ni vitu kama mpangilio wa safu na jinsi ulivyopanga barua kwa tarehe au kwa mtumaji. Folda kubwa huchukua muda, kwa hiyo usiizime ukidhani imeganda.

Onyo kwa wenye IMAP: kitufe hicho hicho cha Repair Folder, kwenye akaunti ya IMAP, hutupa nakala iliyoko kwenye kompyuta na kuanza kupakua kila barua upya kutoka kwenye seva. Anayetumia bando la simu ataliona likiyeyuka. Na kama barua hizo zilikwisha kufutwa kwenye seva, kitufe hicho kinakumalizia nakala ya mwisho uliyokuwa nayo. Kwa IMAP mimi hukibofya nikiwa nimehakikisha kwanza, kwa kivinjari, kwamba barua zipo kule.

Na kama faili la Inbox lina kilobaiti chache tu? Basi tatizo si faharasa. Rudi kwenye folda ya Profiles uangalie kama kuna profaili mbili. Programu ikisakinishwa upya, huweza kujifungulia profaili mpya tupu huku ya zamani imelala pembeni, nzima kabisa. Ile nzito ndiyo yako. Funga programu, bonyeza Windows na R tena, andika thunderbird -P, uchague profaili ya kufungua. Zikiwa mbili na zote nyepesi, soma sehemu ya antivairasi hapa chini.

"Nimefuta barua tele, lakini diski bado imejaa"

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Ukifuta barua ya POP, Thunderbird haiing'oi kwenye faili. Inaipeleka nakala yake Trash, na ile ya asili inabaki palepale ndani ya Inbox ikiwa na alama tu ya kusema haionyeshwi tena. Hata ukimwaga Trash, ile ya asili bado ipo. Faili linazidi kunenepa mpaka ulibane, kwa File kisha Compact Folders. Kubana maana yake programu inaandika faili jipya lenye barua zilizo hai tu, kisha inalitupa la zamani na kuliweka jipya mahali pake.

Mambo mawili yanafuata. La kwanza, kubana kunahitaji nafasi: folda ya gigabaiti 3 hutaka nafasi tupu inayokaribia hizo wakati kazi inaendelea. Diski iliyojaa pomoni haibani kitu, na mtu anabaki akizunguka, hana nafasi kwa sababu hajabana, hajabana kwa sababu hana nafasi. Hamisha kwanza video za harusi. La pili, stima ikikatika katikati ya kubana, mambo huweza kuharibika. Ukikuta kwenye folda ya barua faili liitwalo nstmp, hayo ni mabaki ya kubana kulikokatizwa katika matoleo ya zamani. Usilifute mpaka uone Inbox ni nzima. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, usibane siku ambayo taa zimekwisha kupepesa. Kwa laptopu, hakikisha betri yake bado inashika chaji.

Upande mwingine wa jambo hili ni wa heri. Barua iliyofutwa kwa bahati mbaya huweza kurudishwa, mradi folda haijabanwa. Fanya kwenye nakala, kamwe usifanye kwenye faili lenyewe. Fungua mbox kwa programu ya maandishi inayomudu mafaili makubwa, tafuta barua unayoitaka, na juu yake utaona mstari wa X-Mozilla-Status wenye tarakimu nne. Ikiwa ni 0009, barua ilisomwa kisha ikafutwa. Ibadilishe iwe 0001. Ikiwa 0008, iwe 0000. Hifadhi, futa .msf inayoambatana nayo, fungua Thunderbird. Kazi hii inachosha macho, lakini imewahi kurudisha makubaliano ya kodi ya nyumba ambayo pande mbili zilikuwa zikibishania.

Kwa sababu hiyo, programu ikikuuliza yenyewe kama ibane, jibu hapana kama leo umepoteza kitu. Vinginevyo, wakati mzuri wa kubana ni Mei, kusi limeshika na vyumba vimepungua wageni. Wiki ya Maulidi, mji umefurika, si wakati wa kugusa kompyuta ya mapokezi.

Kinachonenepesha folda hasa ni viambatisho. Baruapepe hubeba maandishi tu, kwa hiyo picha au PDF hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, na kugeuzwa huko kunaongeza ukubwa kwa takriban theluthi. Pasipoti iliyopigwa picha ya megabaiti 6 inakaa kwenye folda kama 8. Hifadhi kiambatisho pembeni kwa Detach, kisha bana.

Antivairasi imemeza Inbox nzima

Asubuhi kulikuwa na barua za miaka mingi, jioni hakuna, na pembeni ya skrini kuna ujumbe wa kujisifu kwamba tishio limeondolewa. Kumbuka barua zote ni faili moja. Antivairasi ikiona kiambatisho kibaya kimoja ndani yake, hulifungia faili lote.

Fungua sehemu ya karantini ya antivairasi na urudishe faili mahali lilipotoka, Thunderbird ikiwa imefungwa. Kisha iambie antivairasi isichungulie folda ya profaili. Ndani ya Thunderbird kwenyewe, kwenye mipangilio ya Privacy & Security, kuna kisanduku kinachoruhusu antivairasi kukagua barua moja moja inapoingia, kabla haijaunganishwa na nyingine. Kitie alama. Ukipakua viambatisho, bado vitakaguliwa vinapotua kwenye diski, kwa hiyo hujabaki uchi.

Simu inasema hivi, kompyuta inasema vile

Mwenye nyumba yuko Nairobi, kompyuta iko Langoni, na kila mmoja anaona barua tofauti. Uliza kwanza akaunti imewekwa kwa POP au kwa IMAP. Inaonekana kwenye Account Settings, chini ya Server Settings.

Kwa POP, kompyuta ya kwanza kufika kwenye seva inazichukua barua, na ikiwa kisanduku cha Leave messages on server hakina alama, hazibaki huko. Aliyechelewa anakuta patupu. Tia alama, na uangalie pia idadi ya siku chini yake, maana mara nyingi huwa 14; baada ya hapo seva inasafishwa. Hoteli inayofunga mwezi mzima msimu wa mvua isiache hiyo 14.

Kwa IMAP, kila mmoja anaona kilichoko kwenye seva. Hilo ndilo linalofaa barua ya watu wengi, na ndilo linalowadanganya wengi wakadhani wana nakala ya akiba. Hawana. Kijana wa zamu akifuta folda kwenye simu, itafutika kwenye kompyuta mara tu inapounganishwa. Ninachowashauri wateja wangu ni kufungua folda ya kila mwaka ndani ya Local Folders na kunakili humo barua zilizokwisha kazi. Hizo seva haizigusi.

Ikiwa ajali imetokea na kuna kompyuta moja ambayo ilikuwa imezimwa wakati wa kufuta, hiyo ndiyo tegemeo lako. Usiiwashe ikiwa imeunganishwa. Zima ruta kwanza, washa kompyuta, fungua Thunderbird, chagua File, Offline, Work Offline, kisha nakili barua kwenda Local Folders. Washa ruta baada ya hapo. Hii inafaa kama akaunti ilikuwa imewekwa kushusha barua nzima kwenye kompyuta, na ndivyo Thunderbird inavyojiweka yenyewe isipozuiwa.

Dalili ndogondogo

Programu inasema tayari iko wazi ilhali huioni: fungua Task Manager uisimamishe, au washa kompyuta upya. Isipokubali, futa faili la parent.lock kwenye profaili.

Ukitafuta jina la mgeni halitokei, na barua yake unaiona kwa macho: faharasa ya utafutaji imeharibika. Funga programu, futa global-messages-db.sqlite, fungua, uache ifanye kazi usiku. Wakati huohuo kichujio cha haraka, Ctrl na Shift na K, hakitegemei faili hilo.

Barua mpya haziingii kabisa kwenye Gmail: angalia nafasi. Gigabaiti 15 za bure zinagawanywa baina ya barua, Drive na picha za simu, na mara nyingi mla nafasi ni picha.

Nenosiri la Gmail linakataliwa ingawa ni sahihi: tangu 30 Mei 2022 Google ilianza kuzizuia programu zinazoingia akaunti za kawaida kwa jina na nenosiri peke yake. Kwenye Server Settings, badili Authentication method iwe OAuth2, na ufanye vivyo hivyo kwa seva ya kutuma. Dirisha la Google lisipofunguka vizuri, ruhusu vidakuzi kwenye mipangilio ya Thunderbird.

"Flashi ina gigabaiti 32, mbona inasema haitoshi?"

Flashi nyingi za dukani zimeumbizwa kwa FAT32, mtindo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye diski, na FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4 hata nafasi iwe tele. Inbox ya miaka minane inafika huko bila taabu. Ubaya ni kwamba mafaili madogo yanaingia, lile kubwa linarukwa, na mtu aliyebofya Skip anaondoka akiamini amenakili. Umbiza flashi upya kwa exFAT au NTFS, ukijua kuumbiza kunafuta kila kilichomo. Au gawa Inbox iwe folda za miaka, jambo ambalo hata bila flashi ni la busara, maana faili moja likiharibika mwaka mmoja tu ndio unaougua.

Wapo wanaotumia amri ya Export iliyomo kwenye menyu ya Tools. Ni nzuri kwa profaili ndogo. Ikizidi gigabaiti 2 haitoi faili la zip, na unarudi kwenye kunakili folda kwa mkono.

Flashi siipendi kwa akiba ya muda mrefu hapa kwetu. Hewa ya chumvi hula meno ya shaba, na kitu kidogo hupotea kwenye mfuko wa kanzu. Diski ya nje ndani ya chombo kinachofungwa kwa mpira, chenye vifurushi vya kunyonya unyevu, hudumu zaidi. Nyingine ikae nje ya nyumba hiyo, kwa ndugu Mokowe au Mombasa. Na kwa kuwa ndani mna pasipoti za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu: funga nakala kwa nenosiri, kwa mfano kwa 7-Zip, kabla haijapanda boti.

Nakala ipo, lakini haifunguki

Sababu ya kwanza: ilinakiliwa Thunderbird ikiwa wazi, mafaili yakiwa nusu yameandikwa. Hakuna ujanja mkubwa hapo isipokuwa kufuta mafaili ya .msf ndani ya nakala na kutumaini mbox ni nzima.

Ya pili: kompyuta mpya ina toleo la Thunderbird la zamani kuliko lile lililotumika mwisho. Itakataa profaili na kutaka uanze mpya. Usikubali, sasisha programu kwanza.

Ya tatu: profaili imetupwa ndani ya Profiles na programu haijui ipo. Fungua thunderbird -P, tengeneza profaili mpya, na kwenye hatua ya kuchagua folda ielekeze kwenye ile uliyorudisha. Ukitaka barua peke yake, chukua faili la mbox lisilo na mkia, lipe jina jingine kama Zamani2019, liweke ndani ya Mail\Local Folders, fungua programu. Litatokea kama folda. Njia hii inafaa hata kwa faili lililotoka ImapMail la akaunti iliyokwisha kufungwa.

Ijaribu nakala kwenye kompyuta nyingine kabla hujaihitaji. Fungua barua tatu: ya zamani kabisa, yenye kiambatisho kikubwa, na ya juzi. Fanya hivyo mtandao umezimwa, la sivyo kompyuta ya majaribio itaanza kuchukua barua za POP kutoka kwenye seva na kukuletea tatizo jipya.

Kwa wenye Outlook

Faili la kunakili ni .pst. Lile la .ost ni kivuli cha kilichoko kwenye seva, na Outlook huweza kulijenga upya. Tangu Outlook 2010 kikomo cha .pst ni gigabaiti 50, lakini faili lililotengenezwa kwa mtindo wa Outlook 97 hadi 2002 haliruhusiwi kuvuka gigabaiti 2, na hata likifunguliwa na programu mpya kikomo chake hakibadiliki; tengeneza .pst jipya uhamishie barua humo. Usiliweke faili hilo kwenye folda ya mtandao inayofunguliwa na kompyuta mbili, Microsoft yenyewe haikubali matumizi hayo. Likiharibika, funga Outlook na utafute SCANPST.EXE, ambayo kwa Office za karibuni hukaa ndani ya folda ya Office16. Itakuuliza kama ihifadhi nakala kabla ya kutengeneza. Jibu ndiyo, kisha endesha tena mpaka isione kosa, maana mara moja mara nyingi haitoshi.